Mwenye Kuuza Suzani ya Mamaye

Jina la Bukhara si geni masikioni mwetu, kwani ndiko alikozaliwa Imamu Bukhari mwaka 194 wa Hijra. Lakini ni wachache wajuao kwamba mji huo, pamoja na Samarkand, Nurata na Shahrisabz katika nchi ya Uzbekistan, wasifika pia kwa sindano ya wanawake wake. Nguo zao kubwa za kutarizi kwa hariri huitwa suzani, na asili ya neno hilo ni sindano kwa Kiajemi.

Ada ya zamani ilikuwa mama kuanza kuzishona binti yake angali mdogo, ziwe miongoni mwa vyombo atakavyoingia navyo nyumbani kwa mumewe. Vipande vyembamba vya kitambaa cha pamba viliungwa kwa mishono milegevu, akaitwa mwanamke mjuzi wa kuchora, akachora maua, makomamanga na lozi. Kisha vilifumuliwa, jamaa na jirani wakagawana, kila mmoja akatarizi chake. Vilipounganishwa tena, mara nyingi nusu ya ua haikukutana sawasawa na mwenziwe, na wekundu wa huku haukuwa wekundu wa kule. Wengine huliita hilo kosa. Sisi twalipenda kuliko unyofu wa cherehani, kwani hapo penye mshono ndipo waonekanapo majirani.

Basi liko suala. Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991 na maisha yakawa mazito, suzani nyingi za mabibi zilitolewa sokoni, zikanunuliwa na wageni. Wako wasemao kuwa waliouza waliuza heshima ya wazee wao. Lakini je, nguo ile ni mali ya nani? Kwa sheria yetu alichopewa mwanamke ni milki yake. Akikiuza ili alishe watoto, hana dhambi wala aibu. Bibi aliitarizi kwa kumtakia mwanawe raha, na shibe ya wajukuu ni katika raha hiyo. Lawama twamwekea mnunuzi aliyeijua thamani yake akanyamaza, akaifanya dhiki ya mwenziwe kuwa mizani ya bei.

Hasara kubwa zaidi ni binti asiyefundishwa sindano, maana nguo iliyokwenda yaweza kushonwa nyingine. Hivi leo Bukhara na Nurata wako mafundi wawafundishao wasichana. Kazi zao nyingi hununuliwa na watalii, wala hatuoni ubaya, maadamu msichana apewa ujira wake kamili.