Kamera Yako Isimame Nje ya Mlango wa Jirani

Maandiko: Kumbukumbu la Torati 24:10–11, Nehemia 4:9, 2 Samweli 11:2, Mwanzo 9:20–23

Najua wengine walicheka iliposemwa kwamba somo la wiki hii ni kamera za CCTV. Lakini Desemba inakaribia, watu wanapanga kwenda ushago, na kila mmoja anajiuliza ni nani atabaki akiangalia nyumba. Ukipita Luthuli Avenue hapa Nairobi utaona maduka yamezijaza madirishani: za waya, za waifai, hata zile zinazofungwa mahali pa balbu. Na miezi hii michache nimeketi na familia zaidi ya moja za kanisa hili zilizokosana na majirani kwa ajili ya kitu kinachotoshea kwenye kiganja. Kwa hivyo si mzaha.

Niondoe kwanza wasiwasi mmoja. Kuna ndugu anayesema kuweka kamera ni kukosa imani. Soma Nehemia 4:9. Maadui walipotishia Yerusalemu, watu wa Mungu waliomba, na wakaweka walinzi mchana na usiku. Yote mawili, mstari mmoja. Zaburi ya 127 nayo haimwambii mlinzi aende akalale. Inamkumbusha kwamba mji hauko mikononi mwake peke yake. Weka kamera. Funga geti. Na uombe.

Shida yetu iko kwingine, na iko katika andiko ambalo sidhani wengi wetu tumelisikia likihubiriwa. Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 10 na 11. Mtu amemkopesha jirani yake, na sasa amekuja kuchukua rehani. Ni haki yake, anadai. Hata hivyo Mungu anamwambia asiingie ndani ya nyumba ya yule mdeni kuitafuta. Asimame nje, mwenye nyumba amletee mwenyewe. Hebu tulia hapo kidogo. Huyu mdeni hana kitu. Ukisoma mistari inayofuata utaona pengine rehani yenyewe ni nguo anayojifunika usiku. Lakini bado ana mlango, na mlango huo Mungu anauheshimu. Mwenye haki yake anasimama nje na kungoja.

Sasa wewe ambaye jirani hana hata shilingi yako, jicho lako linaingia kwake kutafuta nini?

Dada mmoja aliniambia, "Pasta, siku hizi nguo naanika ndani ya nyumba." Jirani yake alikuwa ameweka kamera 4 baada ya kuibiwa pikipiki. Tatu hazikuwa na neno. Ya nne ilikuwa kwenye kona ya ghorofa ya kwanza, na ilikuwa inaangalia ua wa huyu dada, mahali anapofulia na anapooshea watoto kwenye beseni. Nilienda kumwona huyo jirani. Naye ni mpendwa, tena wako ushirika mmoja wa nyumbani. Sikukuta mtu mwenye nia mbaya. Nilikuta mtu anayelala kwa wasiwasi. Mwizi aliruka ukuta kupitia ua ule ule. Akaniambia, "Pasta, nisipoangalia pale, niangalie wapi?" Hoja yake ni nzito. Mtu aliyeibiwa chombo cha kazi hajibiwi kwa maneno mepesi, hata kama una Biblia mkononi.

Nilisomea biashara chuoni, na kuna swali moja la darasani ambalo limenifaa katika uchungaji kuliko nilivyotarajia: gharama inamwangukia nani? Huyu ndugu alikuwa amehesabu kamera, waya, mashine ya kurekodi na fundi. Lakini kulikuwa na gharama ambayo haikuandikwa kwenye risiti, na anayeilipa hakuulizwa. Usalama wake ulikuwa unalipiwa na aibu ya mwenzake.

Tulirudi na fundi, na kumbe dawa haikuwa ngumu. Kamera iliteremshwa mpaka kama mita 2 na nusu, ikageuzwa iangalie kwa urefu wa ukuta, upande wa ndani. Mwizi akiruka lazima atue mahali fulani, na atatulia hapo kwenye picha. Uso wake unaonekana vizuri kuliko ukimchukua kutoka juu, ambako unaona kofia tu. Fundi alieleza kwamba lenzi ya milimita 2.8 inaona kwa upana sana, karibu nyuzi 100, kwa hivyo inachukua na ya kwako na ya watu. Ya milimita 4 inaona kwa wembamba kidogo na mbali zaidi. Tena kamera nyingi zina mahali kwenye programu pa kufunika sehemu ya picha kwa rangi nyeusi, isirekodiwe kabisa. Kisha ndugu yetu akafanya jambo ambalo fundi hakumwambia: alimwita dada, akampa simu aangalie mwenyewe kinachoonekana. Bado hawajarudia kutembeleana kama zamani. Wanasalimiana, na nguo zimerudi kwenye kamba.

Mnaoishi kwenye ploti na maflati, yenu ni ngumu zaidi. Kamera iliyo juu ya mlango wako ikiutazama mlango wa pili, unajua jirani anarudi saa ngapi, anarudi na nani, mikono mitupu au na unga. Iinamishe iangalie mkeka wako. Na uzime sauti. Kamera nyingi za waifai zina maikrofoni, na sauti inaenda mbali kuliko picha. Mwaka 2021 huko Oxford, Uingereza, mahakama ya kaunti iliamua katika kesi ya madai kwamba mwenye nyumba alikuwa amemsumbua jirani kuhusu kamera zake, na jaji akaona kunasa maongezi ya watu ni jambo zito kuliko hata picha.

Hapa kwetu Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria hiyo haimgusi mtu kwa mambo yake binafsi ya nyumbani. Lakini kamera ikishavuka ukuta, utamweleza nani kwamba ni mambo ya nyumbani kwako?

Wengine watasema, "Lakini mimi hata siangalii hizo picha." Kumbuka Daudi, 2 Samweli 11. Kasri halikuwa dhambi. Dari yake haikuwa dhambi. Ilikuwa tu juu kuliko za wengine, na jioni moja aliondoka kitandani akatembea juu yake. Usijijengee dari ambayo siku moja itakushinda. Na kama wewe huangalii, mwingine anaweza. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai viliteka kamera na vifaa vingine vya intaneti vingi sana duniani, kwa sababu wenyewe walikuwa wameacha nywila ya kiwandani. Badilisha nywila kabla fundi hajaondoka.

Halafu kuna hizi video za kufowadi. Kijana amesimama getini saa nne usiku, basi dakika tano baadaye iko kwenye grupu la mtaa: "Mnamjua huyu?" Wapendwa, mnajua mtaa wetu hufanya nini na mtu aliyeitwa mwizi. Huenda alikuwa anangoja kufunguliwa na shangazi yake. Hamu aliona uchi wa baba yake, akatoka nje akawaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi walichukua nguo wakaenda kinyumenyume, wasione. Ukiwa na picha ya mwizi, ipeleke kituo cha polisi. Polisi wana namba ya OB, grupu halina.

Wiki hii kanisa nalo linaweka kamera 2, moja getini na moja upande wa maegesho. Wazee wamekubaliana picha zitakuwa zinaangaliwa na watu 2 pamoja, mmoja wao kutoka idara ya akina mama, na hazitatumwa kwenye simu ya mtu. Ya maegesho iko karibu na dirisha la jirani wetu wa nyuma, ambaye si wa kanisa letu. Tumemwomba aje Alhamisi aone picha kabla fundi hajashuka kwenye ngazi, na amekubali.