Nafasi Isiyoshikika

Anayeijenga upya injini hudhani anajenga chuma. Ananunua pistoni, ringi, beringi na gasketi, anapeleka bloku mjini ikachongwe, anarudi nayo, anafunga. Kila anachokishika ni chuma na kila anacholipia ni chuma. Lakini muulize fundi mzuri anatafuta nini anapoinamia mikrometa, hatakutajia chuma hata kimoja. Anatafuta nafasi: ile ya kati ya pistoni na ukuta wa silinda, ya kati ya kranki na beringi zake, ya kati ya ncha mbili za ringi moja. Injini iliyokufa mara nyingi bado ina vyuma vyake vyote. Kilichoharibika ni nafasi. Pengine imepanuka hadi chuma kinagonga, pengine imekwisha kabisa na injini ikanoki.

Nataka kulichukulia jambo hili kwa uzito, kwa sababu mazoea yetu ya kufikiri yanatuambia kinyume chake. Tunaamini kwamba kilichopo ni kile kinachoshikika, na kwamba kati ya kitu na kitu hamna kitu. Duka la vipuri limejengwa juu ya imani hiyo, na haliwezi kuwa vingine, maana hakuna rafu ya kuwekea nafasi. Utauziwa beringi. Nafasi utaitengeneza mwenyewe, au utaikosa.

Niko Murangi, wilaya ya Musoma, ambako ziwa liko karibu na mashine ya kuchonga bloku iko mbali. Juu ya meza uani kuna injini ya Toyota, ile ya 4A ya lita 1.6, iliyotoka kwenye Korola ya zamani. Gari hili naliandaa kwa ajili ya autokrosi, yale mashindano ya watu wa ridhaa ambayo wenzetu wa Kenya huyafanya kwenye viwanja vya vumbi, dereva akishindana na saa kuliko na mtu. Tundu la silinda lina kipenyo cha milimita 81, na pistoni husafiri milimita 77 kwenda na 77 kurudi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila pistoni husimama kabisa mara 200 kwa sekunde, na bado mwendo wake wa wastani unapita mita 15 kwa sekunde. Yote hayo hufanyika ndani ya nafasi ambayo jicho haliioni. Kwenye beringi za kranki nafasi hiyo ni sehemu chache tu za mia za milimita moja, pungufu ya unene wa unywele.

Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akizifanyia majaribio beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili apitishie mafuta. Ekseli ilipozunguka, mafuta yalipanda na kumwagika kupitia tundu lilelile. Akaliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Akapigilia kigingi cha mti, nacho kikatoka. Miaka 3 baadaye mwanasayansi Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu kilichokuwa kikitokea: ekseli inayozunguka huyaburuta mafuta na kuyaingiza mahali panapozidi kuwa pembamba, mafuta hubanwa, na presha yake huinua uzito wote uliokuwa juu yake. Chuma hakilali juu ya chuma. Kinaelea. Kranki iliyo mezani kwangu itafanya vivyo hivyo, na pampu ya oili kazi yake kubwa itakuwa kuleta mafuta tu. Kunyanyuka, kranki itajinyanyua yenyewe kwa kuzunguka kwake.

Sijui ugunduzi wa ufundi unaonisisimua kuliko huo. Tulizoea kusema kwamba vitu hufanya kazi pamoja kwa kugusana, na kumbe kugusana ni hali ya injini iliyolala. Usiku kucha kranki imelala juu ya beringi, chuma kwa chuma. Asubuhi inapowashwa, mizunguko ile ya kwanza ndiyo inayokula zaidi, mpaka mafuta yajenge utando wake. Kwa hiyo nafasi haiwekwi siku moja ikabaki. Fundi huiandaa, lakini mwendo ndio unaoishikilia, na mwendo ukikoma vyuma hurudi kuangukiana.

Mtu anaweza kupinga: nafasi ni ukosefu wa chuma, na ukosefu hauwezi kuitwa kitu. Jibu langu ni kwamba ukosefu wa kweli hauna kipimo. Huwezi kukosa sana au kukosa kidogo kitu ambacho hakipo. Nafasi ya beringi ina kipimo, ina umbo, inaweza kuwa sahihi au kuwa na kasoro, na kasoro hiyo inaua. Chukua injini mbili za vyuma vilevile, kutoka kiwanda kimoja, zilizotofautiana nafasi tu. Moja itakimbia miaka, nyingine haitamaliza mzunguko wa kwanza wa uwanja. Kinachoweza kuleta tofauti kubwa hivyo kinastahili kuhesabiwa miongoni mwa vitu vilivyopo.

Kuna ugumu mwingine, unaohusu wakati. Pistoni ni ya alumini na bloku hii ni ya chuma cha kusubu, na alumini ikipata moto hutanuka kama mara mbili ya chuma hicho. Mimi napima asubuhi, vitu vikiwa baridi, huku nikiandaa nafasi itakayohitajika vikiwa moto. Ringi nayo huingizwa peke yake ndani ya silinda ili kupima mwanya wa ncha zake, na mwanya huo lazima uachwe hata kama unaonekana kama kosa. Ukiufunga kwa kutamani ukamilifu, moto utazikutanisha ncha, ringi itakosa pa kwenda, itavunjika au itaukwangua ukuta. Kipimo kinachoonekana kimelegea leo ndicho kitakachokaa sawasawa kesho. Anayepima hatakuwepo ndani ya injini saa ile kipimo kinapokuwa kweli. Anafanya kazi kwa imani, ila ni imani yenye namba.

Na ukuta wenyewe haupaswi kuwa laini. Baada ya kuchongwa, silinda hukwaruzwa kwa mawe maalumu hadi ijae mistari inayokatana, kwa sababu mistari hiyo ndiyo inayoshika oili. Ukuta unaong'aa kama kioo hauna pa kuyaweka mafuta. Kisha bloku huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, tena na tena, mpaka kitambaa cheupe kitoke ndani kikiwa cheupe. Petroli peke yake huacha unga wa mawe mle mistarini. Hapa uani adui ni mchanga. Chembe ndogo kabisa inayostahili kuitwa mchanga ina upana wa takribani sehemu 6 za mia za milimita, inatosha kuikaba nafasi ya beringi. Ndiyo maana kila kipande kimefunikwa khanga safi, na upepo wa ziwani ukianza kuvuma kazi inasimama.

Mkoa huu wa Mara una sababu zake za kulifikiria jambo hili nje ya gereji. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, aliandika kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa kulazimisha watu. Novemba 1973 yeye huyohuyo alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Kaya zilizokuwa zimetawanyika zikahamishwa, nyumba zikapangwa kwa mistari, shamba likabaki mbali na mlango. Nia naiheshimu: shule, zahanati na maji haviwezi kumfuata kila mtu kwenye kilima chake. Lakini umbali kati ya kaya na kaya ulikuwa na kazi. Ulibeba malisho, mbolea ya zizi, ugomvi uliopoa kabla haujafika kwa jirani. Wapangaji waliuona kama utupu wa kufutwa. Baadaye wengi walirudi polepole kwenye mahame yao, na hapo ndipo mtu anapotofautiana na pistoni. Pistoni iliyobanwa hukwama. Mtu aliyebanwa huitafuta nafasi yake na kuichonga upya.

Nikirudi kwenye injini, wapo waliounda vitu wakijua vitafunguliwa. Dereva Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, ile Pijo ambayo wazee bado wanaisifia. Silinda za injini yake ni sleevu zinazochomoleka: zikiisha unatoa, unaweka nyingine, bloku haiendi kwenye mashine. Aliyeichora alikubali tangu mwanzo kwamba nafasi itapanuka, na akamwachia fundi wa mbali njia ya kuirudisha. Naona heshima kubwa ndani ya uamuzi huo. Mwaka mmoja kabla ya Shankland, 1965, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi kwa kazi yake, aliishinda Safari hiyohiyo akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda, wakaliandaa wenyewe. Waliokuwa wakilisikiliza gari lile njiani ndio waliokuwa wamelifungua na kulifunga.

Mtu wa ridhaa hana nguvu za kiwanda, lakini hilo analo. Anayeendesha ndiye aliyepima, na mlio wa injini ukibadilika kidogo kwenye kona anajua ni nafasi ipi inayolalamika. Hata hivyo hawezi kuimaliza kazi. Ringi mpya na ukuta mpya havijafahamiana bado, na hakuna jiwe wala mashine inayoweza kuvifanya vifahamiane. Vitasuguana vyenyewe, chini ya mzigo, kwa kilomita za mwanzo, kila kimoja kikichukua umbo la mwenzake, na uchongaji wa mwisho utafanywa na injini yenyewe. Kuiacha iungurume tu pale uani kwa hofu ya kuiumiza kungeukwamisha uchongaji huo, kwani ringi huhitaji presha ya moto kuzisukuma ukutani. Itabidi nitoke nayo barabarani, nipande mlima kwa gia ya tatu, niachie mafuta, nikanyage tena, kisha nirudi nimwage oili ile ya kwanza na kuitazama juani ina unga wa chuma kiasi gani.