FISADI NI NANI?

Lau mzee aliyefariki mwaka 1950 angefufuka leo na kuambiwa ya kuwa Tanzania ilianzisha mwaka 2016 mahakama ambayo watu huiita Mahakama ya Mafisadi, bila shaka angedhani ni mahali pa kuwahukumu wanaume wavunjao nyumba za wenzao. Kwake yeye fisadi alikuwa mtu huyo: aharibuye wake za watu na mabinti. Fedha za serikali hazikuwamo katika neno.

Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu. Kwao fasad ni kuharibika: husemwa juu ya nyama iliyooza na maziwa yaliyochacha, na kadhalika juu ya tabia na nchi. Sisi tulilichukua tukalifungia chumbani. Ndipo katika mwaka 2007 na 2008, kashfa za akaunti ya EPA katika Benki Kuu na za mkataba wa umeme wa Richmond zilipojaa magazetini, likahamia hazina. Siku hizi ukimwita mtu fisadi, hakuna aulizaye habari za mke wa nani. Huulizwa ni mabilioni mangapi.

Je, tumepata au tumepoteza? Tumepata, kwa kuwa mwizi wa mali ya umma sasa ana jina linalonuka. Zamani aliitwa mjanja (wala tusijifanye hatukumpa kiti cha mbele katika harambee zetu). Walakini yule wa kale amebaki bila jina zito. Huitwa kiwembe, na vijana hucheka.

Basi tumtazame mwalimu amwambiaye mwanafunzi wake ya kuwa hatafaulu mtihani asipokubali kulala naye. Huyo ni fisadi wa kale au wa leo? Auza kitu alichokabidhiwa na umma, kisicho chake. Na bei aitakayo ni mwili wa mtoto wa watu. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kilimtambua: kudai ngono kwa nguvu ya cheo ni kosa la rushwa. Katika sheria, basi, maana zile mbili zilikutana. Nyumbani mwetu bado. Binti akirudi na habari hiyo, swali la kwanza twamwuliza alivaa nini. La pili, kama majirani wamesikia. Jina la mwalimu huja mwisho, kwa sauti ya chini, na neno fisadi halitamkwi kabisa.