Picha ya Bure na Haki ya Jirani

Mtu ashikaye njia ya Arusha kutoka mjini Dodoma, afikapo Msalato huona juu ya mapaa dalili ya mambo ya siku hizi, yaani madishi. Mengine yameelekea mashariki, mengine magharibi, na machache makubwa yamelala chali kama bakuli lililotegwa mvua. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, nyumba za mabati zimeota mahali palipokuwa na mashamba ya uwele na mtama, na ujenzi wa uwanja mpya wa ndege ukaleta vibarua na wapangaji. Katika kila nyumba mpya swali hili huulizwa mapema, pengine kabla choo hakijakamilika: televisheni tutaipataje? Na wengi waliokwisha choshwa na kulipia vifurushi kila mwezi huongeza: je, hatuwezi kuipata bure?

Yawezekana. Lakini neno hili «bure» latumiwa ovyo ovyo, na mtu asiyelichunguza aweza kuwadhulumu wengine pasipo kujua. Ndiyo sababu twapenda kulitazama, tukianza na ufundi wake, maana mtu hawezi kupima haki ya jambo asilolijua.

Setilaiti za televisheni hukaa juu ya mstari wa ikweta, kimo cha kilometa 36,000 hivi, nazo huzunguka sawasawa na dunia yenyewe, hata zikaonekana kana kwamba zimesimama. Arthur C. Clarke, Mwingereza, aliandika jinsi jambo hili lingeweza kutumika kwa kupeleka habari mwaka 1945, kabla hakijarushwa chombo cho chote cha kuizunguka dunia. Msalato iko nyuzi sita hivi kusini ya ikweta, na kwa hiyo mshipi huo wa setilaiti wapita karibu na utosi wetu, ukiegemea kaskazini kidogo. Fundi wa London hana budi kuliinamisha dishi lake kuelekea kusini, akiomba paa la jirani lisimzibie. Fundi wa hapa hutazama juu. Setilaiti iliyo kwenye nyuzi 36 mashariki iko karibu wima juu ya vichwa vyetu. Ile ya nyuzi 7 yamtaka ageukie magharibi, na ile ya nyuzi 68 na nusu yamtaka ageukie mashariki. Basi yule aanzaye achague kwanza setilaiti, ndipo anunue vyombo, wala asifanye kinyume chake kama wafanyavyo wengi.

Tena atafute mahali pasipo na mwarobaini wala mbuyu mbele ya dishi. Nguzo isimamishwe kwa timazi, maana nguzo ikiwa imepinda, kila kipimo kitakachofuata kitadanganya. (Wazee wa Kigogo, na tembe zao zenye paa bapa, wangekuwa na mahali pazuri pa kuliweka dishi, kama udongo wa juu ungeweza kuustahimili uzito.) Dishi dogo la sentimeta 90 hutosha kwa setilaiti nyingi zenye kutoa mawimbi mafupi, lakini katika mvua kubwa ya Januari picha yake hukatika. Dishi pana la meta 1.8 au zaidi, lipokealo mawimbi marefu kuliko hayo, haliijali sana mvua. Mwishowe king'amuzi, au kisimbuzi kama wakubwa wapendavyo kukiita, huandikiwa namba za masafa, kikaonyesha mistari miwili: nguvu na ubora. Mstari wa nguvu hupanda mara waya uunganishwapo, hata kama dishi latazama ukuta, anayeanza asiufurahie. Ubora ndio hukumu. Fundi hulisogeza dishi kidogo kidogo, upana wa ukucha, hata ubora upande, ndipo akaze nati. Gharama ya vyombo na ya fundi hulipwa mara moja, na baada ya hapo hakuna mwezi wala kifurushi kwa chaneli zilizo wazi.

Je, huyu ameiba? Hapana, na sababu yake yafaa kuelezwa, maana wako watu wema wenye wasiwasi. Sisi wa nchi kame tumezoea kuipima haki kwa maji. Visima vya bonde la Makutupora, ambavyo huunywesha mji wa Dodoma, vina kiasi chake. Mmoja akichota zaidi, mwingine hupungukiwa, na kwa hiyo huwekwa mita na zamu. Mawimbi ya setilaiti si kama maji. Yanaangukia paa la bwana mkubwa na la kibarua kwa kipimo kile kile, na nyumba elfu zikiyapokea, nyumba ya elfu na moja haikosi tone. Tena mwenye kuyatuma ameyatuma bila kufuli, kwa nia ya kupokewa.

Hapo mjanja mmoja atadakia: «Ikiwa mawimbi hayapungui, basi hata yale yenye kufuli hayapungui, nikiyafungua nimemdhuru nani?» Wako wauza vyombo wasemao hivyo. Humwuzia mtu king'amuzi kichotacho funguo za wizi kwa njia ya intaneti, wakamwambia ni «cha bure maisha». Hoja yao ina uzito kuliko ionekanavyo, lakini imesimama juu ya kosa moja: yadhani dhuluma huja kwa kupungukiwa tu. Mtu akisoma barua yako kwa siri, barua haikupungua neno. Hata hivyo amekukosea, kwa kuwa hukumruhusu. Kinachotenganisha chaneli iliyo wazi na iliyofungwa ni neno la mwenyewe: huyu amesema «twaeni», yule amesema «kwa mapatano». Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtu aliye katika dhiki kuu akitwaa kilicho cha mwingine ili asife, hakuiba, maana katika dhiki ya namna hiyo vitu huwa vya wote. Lakini hatujamwona bado mtu aliyekufa kwa kukosa mechi ya ligi ya Uingereza.

Habari za nchi ni jambo jingine. Mtu hafi mara moja kwa kukosa habari. Hata hivyo mwananchi asiyejua bei, sheria, ugonjwa uliozuka wala mtu anayeomba kura yake, huyo amekosa kitu cha lazima. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, ulikiri kwamba watu wana haki ya kupata habari. Mwaka 2018 sisi wenyewe tuliliona swali hili mezani. Chaneli kadhaa za nyumbani zilikuwa na leseni ya kutazamwa bure, lakini zilibebwa na makampuni ya setilaiti yenye leseni ya kulipisha, na malipo ya mtu yalipokwisha zilifungwa pamoja na nyingine zote. Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru kwamba makampuni hayo yaache kuzibeba. Kwa maoni yetu kanuni iliyotetewa ilikuwa ya haki kabisa, maana aliyepewa kitu akigawe bure asikiuze. Lakini dawa iliyochaguliwa ilimwangukia mnunuzi asiye na kosa. Mtu wa kijiji kilicho mbali na minara ya nchi kavu, aliyekuwa amekwisha nunua dishi, alijikuta apata sinema za ng'ambo bila habari za kwao.

Sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Chaneli ya bure si ya bure. Kuikodi nafasi katika setilaiti kwahitaji fedha nyingi, na fedha hizo hulipwa na mtu. Nyingine hulipwa na serikali za kigeni zipendazo tuone dunia kwa macho yao. Nyingine na wahubiri wanaoomba sadaka kwa simu. Mtazamaji wa chaneli hizo na ajiulize kila mara ni nani amlipiaye, na kwa kutaka nini, kama vile samaki angefaa kuuliza habari za chambo. Kwa zile za nyumbani jibu ni la karibu zaidi. Shirika la utangazaji la Taifa hutegemea kwa sehemu fedha ya Serikali, nayo ni kodi zetu. Vituo vya watu binafsi huishi kwa matangazo ya biashara, na bei ya tangazo huingizwa katika bei ya sabuni, ya mafuta ya kupikia, ya soda na ya vocha ya simu.

Tufikiri basi juu ya mjane mwenye chumba kimoja huko Msalato, asiye na televisheni wala dishi. Kila anunuapo mche wa sabuni dukani, amelipa senti kadhaa kwa ajili ya tangazo la sabuni ile. Kila anunuapo bidhaa yenye kodi ya ongezeko la thamani, ametia kitu katika mfuko ulishao televisheni ya Taifa. Jirani yake mwenye dishi ametoa hivyo hivyo, wala hakuzidisha. Tofauti yao ni vyombo tu: huyu alikuwa na fedha ya kununua jicho la kuonea, yule hakuwa nayo. Picha yenyewe wameilipia wote wawili. Kwa hiyo mjane huyo akibisha hodi saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari, haji kuomba. Amekuja kuangalia kilicho chake kwa kutumia kiti cha mwingine.

Tunajua kwamba wengi hawataupenda usemi huu. Zamani ulikuwa rahisi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu mwaka 1973, na katika miaka ile ya mwanzo seti moja ilitumikia mtaa mzima; watoto walikaa sakafuni, wakubwa wakasimama dirishani, wala hakuna aliyeona ajabu. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dodoma mapema mwaka 2013, antena za zamani zikawa vyuma vitupu, na asiyeweza kununua king'amuzi akarudi gizani siku ile ile. Tangu hapo kila nyumba imejishughulikia. Ukuta umepanda, geti limefungwa, na mwenye dishi asema: «Hii ni nyumba yangu.»

Ni yake kweli, wala hatumwambii aifanye sebule kuwa kituo cha basi. Watoto wana masomo. Mke aliyerudi kazini amechoka. Tena kuna mgeni asiyejua kuaga, ambaye taarifa ya habari ikiisha hungoja tamthilia, na tamthilia ikiisha hungoja chakula. Mwenye nyumba ana haki ya kuweka saa, na ya kusema kwa upole, «Jirani, tuonane kesho.» Ana wajibu pia wa kuizima picha isiyowafaa watoto, wake na wa wenzake. Asichoweza kukisema kwa haki ni kwamba picha ni mali yake. Akipanga saa, na apange saa zilizo na manufaa kwa wote: habari, matangazo ya mvua na mazao, hotuba kubwa za nchi, na (tusiwe wagumu mno) mpira Timu ya Taifa ichezapo.

Wa kwanza kupewa kiti na wawe wagonjwa na wazee. Papa Pio wa Kumi na Mbili alimfanya Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni, kwa sababu, kama isimuliwavyo, Klara alipolala mgonjwa usiku wa Noeli asiweze kwenda kanisani, aliiona ibada ukutani mwa chumba chake. Ikiwa mtazamaji wa kwanza alikuwa mwanamke asiyeweza kutoka kitandani, basi mzee wa nyumba ya pili aliyekatika miguu astahili zaidi ya kijana mwenye simu mfukoni. Wala si lazima aletwe. Waya wa meta 20 na seti kuukuu vyaweza kumfikia chumbani mwake kutoka dishi lile lile, na fundi yeyote mwenye akili aweza kuifanya kazi hiyo kwa nusu siku.

Limebaki jambo la vibanda. Siku ya mnada hapo Msalato, na jioni za mechi, wako watu wanaoweka seti na mabenchi chini ya turubai, wakatoza kiingilio. Wengine wetu huwaita wanyonyaji, kwa kuwa wauza kilicho bure. Sisi hatuwahukumu upesi hivyo. Mwenye kibanda amenunua dishi, analipia umeme, ameweka benchi na kivuli. Akitoza kwa hayo, atoza kazi yake. Lakini akizidisha bei usiku wa matokeo ya uchaguzi, kwa sababu tu ajua kwamba watu wana kiu ya kujua, hapo hauzi benchi tena. Na yule mtoto asimamaye nje akichungulia katika tundu la turubai, asifukuzwe kwa fimbo. Mama yake alinunua sabuni asubuhi ile.