Kugawanya faida isiyokuwapo

Kampani kubwa ikimaliza mwaka huhesabu faida yake, na sehemu moja huwagawia watu walioweka feza zao ndani yake. Sehemu ile yaitwa gawio. Kwa sheria ya Uingereza, gawio hutoka katika faida tu. Basi tuulize: faida ikipungua, wakubwa wa kampani wana haki ya kupamba hesabu ili gawio lisipungue?

Tusifikiri kwamba jaribu hilo ni la wezi tu. Mwaka 1956 mwalimu mmoja wa Marekani, John Lintner, alieleza namna wakubwa wa kampani 28 walivyokata shauri juu ya gawio. Aliona kwamba wanachukia sana kulipunguza, maana watu wakipokea kidogo kuliko mwaka jana husema mara moja: Kampani hii inakufa. Ndiyo sababu wengine huficha faida ya mwaka mzuri, waitoe katika mwaka mbaya. Kosa hilo twaliona dogo, lakini si usafi: mwenye ghala ana ruhusa ya kuweka akiba, hana ruhusa ya kusema ghala ni tupu.

Ubaya mkubwa ni kuonyesha faida ambayo haipo. Kampani ya Carillion ya Uingereza ilikuwa ikijenga hospitali na barabara. Kazi za namna hiyo huchukua miaka, na mwenye kuandika hesabu hukisia faida kabla kazi haijaisha. Hapo kalamu hupata nafasi ya kuchagua. Gawio likaongezeka kila mwaka. Toka 2012 mpaka 2016 lilizidi feza zilizopatikana kazini kwa paundi milioni 217. Mwezi wa sita 2017 likalipwa tena. Mwezi wa saba kampani ikatangaza kwamba kazi zake zimepungua thamani kwa paundi milioni 845. Januari 2018 ikaanguka, ina paundi milioni 29 tu mkononi, na madeni karibu ya milioni 7,000.

Wengine hutetea: Karatasi yaweza kusema uwongo, lakini gawio ni feza kamili, basi ni ushahidi wa faida ya kweli. Sivyo. Feza hukopwa, tena hucheleweshwa. Mafundi wadogo waliofanyia Carillion kazi waliwekewa kungoja malipo hata siku 120, na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi ulikuwa na pengo kubwa. Ushahidi ule ulilipiwa na fundi wa bomba na mzee aliyestaafu, nao hawakuulizwa.

Na aliyepokea je? Sheria ya Uingereza ya 2006 yasema: aliyepokea gawio lisilo halali, naye anajua au ana sababu ya kujua, alirudishe. Asiyejua hadaiwi. Twakubali, kwani mjane mwenye hisa chache hawezi kukagua vitabu vya kampani. Lakini mkubwa anayepewa zawadi kwa kipimo cha faida aliyoikisia mwenyewe, huyo atasemaje kwamba hakujua?