Wimbo Uliopigwa Pasi

Mwezi Septemba 2008 bendi ya Metallica ya Marekani ilitoa albamu ya Death Magnetic. Mashabiki walikuwa wameisubiri miaka mitano, na ilipotoka tu ikakaa namba moja kwenye chati ya Billboard. Kibiashara hapakuwa na neno. Neno lilizuka sebuleni, kwa watu waliokuwa wakicheza gemu.

Gemu yenyewe ni Guitar Hero III, ile ambayo mchezaji anashika gitaa la plastiki na kubonyeza vitufe kufuatisha wimbo. Nyimbo za albamu hiyo zilitolewa pia kwa ajili ya gemu, wakati uleule CD inaingia madukani. Watu wakacheza, kisha wakaweka CD, wakatazamana. Kwenye gemu ngoma zilidunda, kila pigo na nafasi yake. Kwenye CD pigo lilelile lilisikika kama mtu anagonga katoni tupu, na magitaa yalikwaruza kama yanatoka kwenye spika iliyochanika. Wapigaji walewale, wimbo uleule, sauti mbili.

Hapakuwa na uchawi. Gemu inataka kila chombo kiwe peke yake, maana mchezaji akikosea, gitaa linatakiwa linyamaze huku ngoma zikiendelea. Kwa hiyo mafaili yaliyokwenda huko hayakubanwa sauti kama ya CD. Mashabiki waliofungua matoleo yote mawili kwenye kompyuta wakaona kwa macho yao: la gemu lina milima na mabonde, la CD limenyooka juu na chini kama shati lililopigwa pasi. Zaidi ya watu 10,000 wakatia saini ombi la kutaka albamu imiksiwe upya. Hadi gazeti la Wall Street Journal likaandika habari hiyo. Hebu fikiria, mashabiki wa muziki wa kelele wanalalamika kwamba kelele zimezidi!

Nasimulia kisa hiki bila kucheka, kwa sababu na mimi kazi yangu ni kumiksi, na pasi hiyo ninayo mezani.

Sauti ya kidijitali ina dari. Kwenye CD, kila sekunde sauti hupimwa mara 44,100, na kila kipimo huandikwa kwa namba. Namba ya juu kabisa ni 32,767. Zaidi ya hapo hakuna pa kuandika. Mahali hapo ndipo mita inaposoma sifuri. Kilele cha ngoma kikigusa dari na wewe bado unasukuma, hakiendi popote, kinakatwa kichwa. Ukikuza picha ya wimbi mpaka uone nukta mojamoja, utakuta nukta kadhaa zimejipanga bapa mahali palipotakiwa kuwa na ncha. Ile ncha ndiyo iliyokuwa mdundo.

Basi mtu anayetaka wimbo usikike mkubwa, akishafika darini, amebakiwa na njia moja: kuzipandisha zile sauti ndogo. Kompresa na limita ndizo zinazoifanya kazi hiyo. Zinabana vilele, kisha fundi anapandisha kila kitu kwa pamoja, na mnong'ono unaanza kukaribiana na ukelele. Kwa kiasi, ni kazi halali, na nyimbo karibu zote tunazosikia leo zimepita humo. Shida yetu ni kwamba kiasi hakina king'ora.

Lakini ishara zilikuwepo, tena nyingi, na hilo ndilo linaloniuma katika kisa hiki. Moja ilikuwa na umri wa miaka tisa. Mwaka 1999 albamu ya Californication ya Red Hot Chili Peppers ililalamikiwa kwa kosa hilohilo, na mashabiki wake nao wakaandika ombi. Kabla yao, mwaka 1995, Oasis walishatoa albamu iliyosifika kwa kubanwa hivyo. Kila bendi ilisikiliza CD ya jirani, ikaona iko juu kidogo, ikapandisha yake. Ni kama wauza dawa ya panya na wauza laini za simu pale stendi: mmoja akiongeza kipaza sauti, wa pili anaongeza, mpaka mteja haelewi nani anauza nini.

Ishara nyingine ilikuwa ndani ya nyimbo zenyewe za Death Magnetic. The Day That Never Comes inaanza na gitaa safi, la taratibu, na inachukua dakika kadhaa kabla ya kulipuka. Wimbo wa namna hiyo umesimama juu ya tofauti kati ya utulivu na mlipuko. Ukiifinya tofauti hiyo, mlipuko hauna pa kutokea. Na kama masikio yalichoka, macho yangeona: wimbi lililojaa kutoka ukingo hadi ukingo, bila upenyo, ni ishara ambayo hata mgeni studioni anaweza kuiuliza.

Kisha kulikuwa na fundi wa mwisho. Ted Jensen wa Sterling Sound, New York, ndiye aliyefanya masta. Malalamiko yalipopamba moto, alimwandikia shabiki mmoja kwamba miksi zilimfikia zikiwa zimeshabanwa namna ile, na kwamba haoni fahari jina lake kuhusishwa nazo. Nikisoma hivyo huwa najiuliza mimi ningefanya nini. Kazi kubwa imekuja, mteja maarufu, tarehe ya kutoka imeshapangwa. Je, ningeirudisha? Sina uhakika, na siamini anayejibu haraka.

Tunajidanganyaje wote, wakubwa kwa wadogo? Sikio lenyewe ni msaliti. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Bell Labs, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio halizisikii vizuri besi na sauti za juu kabisa; ukiongeza, zinajitokeza. Ndiyo maana wimbo uleule ukipandishwa desibeli moja tu unaonekana umenona. Unaweka limita, unasikia utamu, unadhani limita ndiyo imeuleta. Kumbe umeongeza sauti tu.

Mimi nilidanganyika kwa wimbo wa kwaya. Wanakwaya walikuwa wametoa nyimbo sita, na mmoja wao aliniambia kwamba ndani ya gari, wimbo wa kwaya jirani ulikuwa juu kuliko wao. Nilirudi mezani usiku. Nikabana, nikapandisha, nikabana tena, mpaka mita ya limita ikawa inashuka desibeli 9 kwa kila kiitikio. Mke wangu aliingia mara mbili kupunguza sauti ya spika. Nilidhani ni usingizi. Sasa najua ile ilikuwa ishara kuliko mita yoyote: mtu asiyejua kompresa ni nini, mkono wake unakwenda kwenye kitufe cha kupunguza.

Mwalimu wa kwaya alikuja Jumamosi, mama wa makamo, mpole. Nikamwamkia, nikamwekea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ubeti wa tatu pale sisi tulinong'ona. Tulifanya mazoezi wiki mbili ili tunong'one. Umeupeleka wapi?"

Nilianza kumweleza habari za gari na kwaya jirani, nikasikia mwenyewe jinsi maelezo yalivyokuwa mepesi.

Cha kusikitisha zaidi ni kwamba mbio hizi sasa hazina hata zawadi. Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kwenye LUFS -14, LUFS ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Ukipeleka wimbo wa -8, wanaushusha desibeli 6, unakaa sawa na wa jirani ambaye hakujitesa, ila wa jirani bado una ngoma. YouTube nao hushusha. Kituo cha redio kina mitambo yake inayobana kila kinachopita. Televisheni za Ulaya zilishawekewa kipimo chao, LUFS -23, tangu 2010. Lile jaribio la gari lililonitia wazimu lilikuwa la CD na flashi. Wasikilizaji wengi leo hawalifanyi.

Hata hivyo sisemi tupeleke nyimbo legelege. Mteja akitaka nguvu ana haki yake, na nguvu nyingi hupatikana kabla limita haijaguswa. Sauti za chini zinakula nafasi kubwa darini huku hazisikiki sana, kwa hiyo kinanda, magitaa na waimbaji wakatie kila kilicho chini ya hezi 80 au 100, uwanja huo uuachie besi na ngoma kubwa. Neno moja la mwimbaji likiruka juu kuliko mengine, lishushe hilo neno kwa mkono, usiubane wimbo mzima kwa kosa la silabi moja. Bana kidogo kidogo katika hatua kadhaa, desibeli mbili hapa, mbili pale, ili limita ya mwisho ibaki na kazi ya kugusa vilele vichache tu. Na kiitikio kikikataa kupanda, shusha ubeti desibeli moja; kitapanda chenyewe. Acha pia desibeli moja chini ya dari, maana wimbo ukigeuzwa kuwa MP3 vilele vyake vinaweza kuchomoza zaidi ya ulivyoviacha.

Lakini zaidi ya yote, ndugu yangu, sawazisha kabla ya kulinganisha. Ukishabana, punguza sauti ya toleo lililobanwa mpaka ilingane na lile la mwanzo, ndipo uyasikilize yote mawili. Nimelifanya jaribio hilo mara nyingi tangu siku ile, na mara nyingi toleo nililojivunia saa sita usiku limeshindwa asubuhi. Miksi za usiku ziache zilale.

Wimbo wa kwaya niliufungua upya Jumatatu. Niliiondoa limita, nikaanza na besi, nikasafisha, nikarudisha limita iguse desibeli mbili tu pale kwaya nzima inapoitika. Ubeti wa tatu niliuacha chini kama walivyouimba, hata pumzi zao zikasikika. Mwalimu alipokuja tena sikumweleza chochote. Nilibonyeza kitufe, nikakaa pembeni. Beti mbili za mwanzo alisikiliza ameegemea ukuta. Ulipofika wa tatu akavuta kiti, akakisogeza karibu na spika.