Utamla?

Juni na Julai Sumbawanga kuna baridi ya kweli. Mji uko juu kwenye uwanda wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi unatoka umejifunga blanketi. Nikiwa mtoto, msimu huo nilikuwa navua kwenye kijito nyuma ya nyumba ya bibi: kijiti, uzi, ndoano na nyungunyungu. Siku moja nikanasa kisamaki, nikakirudisha majini. Nikanasa kingine, nikarudisha. Bibi akaniuliza, "Utamla?" Nikasema, "Hapana bibi, nacheza tu." Akaninyang'anya uzi. "Chakula hakichezewi."

Ukubwani nikafika milima ya Aberdare, Kenya. Mito ya kule ina trauti, samaki wa maji baridi. Siyo wenyeji: mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai yao kutoka Scotland, wakapandikizwa Mto Gura. Ndoano ya kuwavulia hufungwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu, kisha inarushwa itue juu ya maji kama inzi. Wengi wakishanasa hulowesha mikono kwanza ili wasiuchubue ute wa samaki, wanamtoa ndoano taratibu, wanamwachia. Nikapewa fimbo nijaribu. Nikanasa mmoja. Ule mtikisiko mkononi, jamani! Nilifurahi kama mtoto. Nikamwachia. Hapo hapo nikamkumbuka bibi.

Watetezi wa mchezo huu wanasema anayeachia hamalizi samaki mtoni. Ni kweli. Lakini hoja hiyo inajibu habari ya samaki wote, haimjibu huyu mmoja aliyekuwa anapigania uhai wake wakati mimi nacheka. Mvuvi wa Kasanga, kule chini Ziwa Tanganyika, anaua kabisa. Ila ukimuuliza kwa nini, ana jibu: nyumbani kuna watu wanasubiri mboga, na ada ya shule inadaiwa.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Kwa maneno mengine, mtu anayemtegemea mgebuka aliambiwa afanye kile nilichofanya mimi kwa burudani: amwache samaki aende. Yeye kilimgharimu miezi mitatu ya kipato. Mimi hakikunigharimu hata chakula cha jioni, na bado nilirudi hotelini nikijiona mtu mwema.

Simpi bibi haki yote. Yeye alikijua kijito chake; sidhani aliwahi kufikiria kwamba ziwa zima linaweza kuishiwa. Kuna kuachia kwa lazima, na kuna kuachia kwa busara. Kwangu kulikuwa kuachia kwa shibe.

Fimbo sijaishika tena. Si kwamba nimeapa. Rafiki akinialika, swali la bibi linatangulia, na mpaka leo sina jibu la kumpa.